Namna Nilijiunga na Wafugaji wa Nguruwe

Wasichana wa maternité, siku ya kuniaga mulinivalisha kitenge kipya, mukakata keki, na daktari akasoma hotuba akisema mimi nilikuwa mufano kwa kazi ya sage-femme, kazi yetu ya ukunga. Nilitazama chini ili nisicheke. Papa Bauma, infirmier, muuguzi wetu wa zamani, alikuwa amekaa pembeni yangu, na yeye pia akatazama chini, nikaona mabega yake yanatikisika. Sisi wawili tu njo tulijua hotuba ile iliruka miaka mingapi. Ninyi mulianza kazi juzi, mulinikuta tayari niko mama wa maji ya limau. Basi nawaandikia yale hotuba haikusema, ili mumoja wenu akijikuta siku moja mahali nilikuwa, asifikiri iko wa kwanza.

Nilianza kwenye centre de santé, kituo chetu kidogo cha afya cha mulimani, saa tatu za kutembea kutoka Mweso kama njia iko kavu, saa tano kama mvua imenyesha. Mwenye kunifundisha alikuwa Mama Kanyere, mwanamuke mufupi, mukali, mwenye aliona diplome yangu inafaa kufunikia sufuria. Siku ya kwanza aliniondolea kitabu mukononi, akanipatia ile pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mutoto tumboni. "Weka sikio, funga macho, na wacha kupumua kama mbuzi," aliniambia. Nilisikiliza matumbo asubuhi nzima. Nilisikia njaa za watu, nilisikia maharage yanatembea, lakini moyo wa mutoto niliusikia mara moja tu, na nilishangilia mpaka mama mwenye tumbo akaogopa.

Siku hiyohiyo mwanamuke mumoja akajifungua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika beseni. Baada ya muda nyanya wa mutoto akaingia na kibuyu cha kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Pale mulimani kwetu, mwenye kupokea mutoto njo anakunywa wa kwanza, mbele ya baba, mbele ya wajomba wote, na nyanya anasimama akimuangalia mudomo. Asipokunywa, watasema amemupokea mutoto na roho ya kufunga, na kila homa ya yule mutoto itakuwa na jina lako. Mama Kanyere alikunywa, akanipa kibuyu. Nilisema mimi niko mu chorale ya kanisa, sikunywaka. Alinitazama kwa huruma. "Mu chorale watakuzalia watoto? Kunywa, mama anangoja."

Nilikunywa. Ilikuwa tamu. Nawaambia ukweli, ilikuwa tamu sana, na hakuna muntu aniletee hadithi za kwamba pombe iko chungu. Ingekuwa chungu tungekuwa wote watakatifu.

Baada ya kibuyu kunafuata bidon, dumu nzima ya kupeleka nyumbani, na mulima wetu ulikuwa na rutuba kila upande. Mwaka wa kwanza nilikuwa nagawia majirani. Mwaka wa tatu majirani waliacha kuniona na bidon. Mama Kanyere alipopumzika kazi, nikabaki mukubwa wa maternité, na vibuyu vyote vikawa vyangu. Wiki yenye haikuwa na uzazi niliona kama wanawake wa mulima wamenikosea, nikatuma muntu aninunulie kanyanga, pombe kali kama gongo. Ile haina tamu, ile inachoma, lakini wakati huo sikuwa natafuta tamu tena.

Musifikiri nilikuwa mufanyakazi mubaya. Ninyi muko na mashine ya echographie, mimi nilikuwa na pembe ya mti na vidole vyangu. Vita ilitukimbiza mara tatu, na mara tatu nilibeba mukasi, sufuria ya kuchemushia vyombo, na pembe yangu kifuani, nikazalisha watu chini ya turubai ya sheeting kwenye kambi, mu darasa, na mara moja nyuma ya lori lenye lilikuwa limebeba makala, makaa ya kupikia. Mapacha niliwajua kwa kugusa. Mutoto mwenye amelala kitako nilimugeuza bila kelele. Watu walisema Mama Furaha, kwa jina la binti yangu wa kwanza, hata akilewa anashinda wengine wenye akili timamu. Nilipenda neno hilo sana. Neno kama hilo linaua watu, lakini linafurahisha sikio.

Sasa nafika pale hotuba iliruka. Ilikuwa siku ya soko, saa ya chakula cha mchana. Kulikuwa mwanamuke mumoja wa mimba ya tatu, uchungu wake ulikuwa unaenda polepole, niliandika kwenye partogramme, karatasi ya kufuata uchungu, saa yenye nilimupima, nikaketi kwenye benchi ya salle d'accouchement, chumba cha kuzalia, kupumzisha mugongo. Asubuhi nilikuwa nimepokea vibuyu viwili na kuongezea kidogo yangu mwenyewe. Furaha, wakati huo alikuwa musichana wa miaka kumi na tano, aliniletea fufu na mboga ya sombe. Alikuta mwanamuke analia jina langu, kichwa cha mutoto kiko inje, kitovu kimezunguka shingo, na mimi niko nakoroma kinywa wazi. Alitupa sahani, akakimbia kumuita Papa Bauma.

Mutoto alitoka wa rangi ya bluu, kimya. Papa Bauma alimupumulisha na ballon ya kusukuma hewa. Niliamka nikakuta binti yangu ameshika miguu ya mutoto wa watu, na Papa Bauma anahesabu kwa sauti. Kisha mutoto akalia. Yule iko muzima hata leo, anachoma matofali, ananisalimia vizuri, na kila mara akinisalimia mimi naangalia matofali yake, si macho.

Papa Bauma alingoja mpaka wote wawili wamelala. "Mama Furaha," alisema, "leo sitaandika ripoti. Siku ingine nitaandika, na nitaandika yote." Niliacha pombe siku tisa. Siku ya kumi kulizaliwa mutoto wa catéchiste, mwalimu wetu wa dini. Sasa mutoto wa catéchiste unakataaje kumukunywia?

Furaha alikua, akaolewa na mwalimu wa Mweso, muntu mupole mwenye miwani. Siku moja akaja kunitembelea, nikamuona kwa kutembea kwake tu kwamba iko na mimba ya miezi miwili. Nilipiga vigelegele. Nikaanza kumupangia: atakuja mwezi wa nane wa mimba, atalala kwangu, mimi njo nitapokea. Akaniacha nimalize.

"Mama," alisema, "mimi hautanigusa."

"Nini?"

"Nitazalia kwa mwingine. Nimeisha kuongea na bwana yangu. Mutoto yangu haitatokea mu mikono yako."

"Mimi nimezalisha mulima muzima, Furaha!"

"Nilikuona unazalisha. Nilikuwa nimeshika miguu."

Hakupandisha sauti. Alikunja kitenge chake, akaniachia sabuni na sukari yenye aliniletea, akateremuka. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira kila mahali mu tumbo, nikakosa. Nilipata tu kwamba imebaki miezi saba kabla azale.

Hapo nikaanza kutafuta musaada, na nitafute wapi mimi mama mukubwa wa maternité? Kila mahali nilisema ni kwa ajili ya mugonjwa wangu. Nilianza kwa chumba cha maombi kwa sababu iko karibu. Pasta akaniwekea mikono kwa niaba ya mugonjwa, akauliza kwa sauti ya radi pepo lile linaitwa nani. Nikasema Kasiksi. Akaondoa mikono yake kichwani mwangu, kwa sababu mulima wote ulijua muke wake njo alikuwa anaitengeneza muzuri kupita wote. Tukaimba wimbo mumoja, tukaachana. Kisha nikasikia kule Mweso kuna semina juu ya ulevi. Nilishuka saa tatu za kutembea. Walichora ini kwenye karatasi kubwa, walichora ubongo, na jioni ya kufunga semina wakatugawia bia ili tushukuru wageni. Nilishukuru mara tatu.

Nilipokuwa nimebakiza miezi mitano, zone ya santé, wakubwa wetu wa afya, ikanituma Pinga wiki moja kufundisha wakunga wa kule. Njia ya Pinga haina gari, iko ya pikipiki tu, na motard wangu alikuwa Muhindo, kijana mukubwa wa mwili mwenye hakuongea. Kule Pinga tulikuta kilio kwenye nyumba yenye tulifikia. Munajua kilio: kikombe cha kanyanga kinazunguka, na ukikiruka ni kama umeruka marehemu. Kilifika kwa Muhindo, akakipokea na mikono miwili, akainama, akakipitisha kwangu. Hakuna muntu alimulaumu. Mimi nilikikunywa, na changu na chake.

Kesho yake nikamuuliza, "Kaka, umeokoka?"

"Hapana, Mama. Niko mufugaji ya nguruwe."

Nilifikiri njia ya Pinga imemuharibu kichwa. Lakini siku ya kurudi pikipiki ilizama mu matope mpaka kwenye kiti, mvua ikatufungia chini ya mugomba, na hapo akafungua kinywa. Alisema alikuwa mulevi wa kulala mu mufereji. Alisema kule Mweso kuna wengine kama yeye, wanaume na wanawake, wanakutana kila siku ya posho, njo Jumamosi, asubuhi nyuma ya atelier ya Papa Bahati, mufundi wa pikipiki. Watu wa mutaa walipoanza kuuliza kila posho munafanya nini pale nyuma, na hakuna mwenye alitaka kujibu, Papa Bahati akawaambia wao ni asosiasyo, chama cha wafugaji wa nguruwe. Ikabidi wanunue nguruwe.

"Ngapi?" niliuliza.

"Moja. Iko mukubwa, inatosha."

Nikamuambia iko vizuri sana, kwa sababu niko na mugonjwa mumoja ambaye ingemusaidia. Muhindo aliangalia mvua. "Mugonjwa yako akuje yeye mwenyewe, Mama. Usimubebe."

Sasa musicheke. Posho yenye ilifuata nilijitayarisha vizuri. Nilivaa kitenge cha misa, nilipaka mafuta, na kwa sababu mimi ni mutoto wa watu mwenye alilelewa, sikuweza kufika kwa mara ya kwanza kwenye mukutano wa watu nisiowajua mikono mitupu. Nilibeba bidon ya litre tano ya kasiksi, ya muke wa pasta, ile ya muzuri. Saa tatu nzima niliibeba mugongoni na sikuigusa, nikajisifu njia yote kwa kutoigusa. Nilizunguka atelier, nikakuta watu saba wameketi juu ya mipira, tairi za zamani za magari, nikaweka bidon katikati yao, nikasema, "Hodi ndugu zangu, nimewaletea kidogo ya kupoza koo."

Wote wakaangalia bidon. Ndipo nilielewa. Nilitamani matope ya Pinga yanimeze, lakini yalikuwa mbali. Papa Bahati, muzee mwenye mikono mieusi ya mafuta, alisimama pole pole, akapima bidon kwa kuinyanyua.

"Litre tano," alisema. "Muhindo, wewe ulileta ngapi?"

"Kumi."

"Mimi nilileta ishirini, na nilikuwa nimeianzisha mimi mwenyewe, asosiasyo." Wakaanza kucheka, mumoja kisha wote, mpaka mwanamuke mumoja akaanguka kwenye mupira wake. Kumbe kila muntu alifika siku ya kwanza na bidon. Hakuna hata mumoja alifundishwa na mama yake kwenda kwa watu bila kitu. Papa Bahati akapeleka bidon yangu kwa nguruwe. Ile nguruwe waliiita Honorable, kama mubunge, kwa sababu ilikunywa vya wengine bila kusema aksanti. Ilikunywa, ikazunguka mara mbili, ikalala na miguu juu. Tukaiangalia sote. Ilikuwa na sura yangu kwenye ile benchi, na nilikoma kucheka.

Walikuwa na sheria moja: hakuna kuongea juu ya rafiki yako. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Mimi niko na mugonjwa mumoja..." Watu saba wakakohoa pamoja. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nikasema, "Mimi nililala, na mutoto wa watu alikuwa anakufa, na binti yangu aliona. Sasa iko na mimba, na hataki nimuguse." Nililia mpaka kitenge cha misa kikalowa. Hakuna mwenye aliniombea, hakuna mwenye alichora ini. Muhindo alisema, "Aksanti Mama. Posho ijayo tena." Njo yote.

Hapa niwaambie kitu cha kazi, musikilize vizuri. Muntu mwenye anakunywa kila siku miaka mingi asiache peke yake mu nyumba ya kufungwa. Mimi siku ya tatu ya kuacha, mikono ilitetemeka, nilitapika, niliona wadudu wakitembea kwenye ukuta ambao haukuwa na wadudu. Papa Bauma alinilaza mu kitanda cha mwisho, akanipa dawa, akaniandikia malaria kwenye fiche ya mugonjwa. Wiki mbili sikugusa muzazi hata mumoja. Mugonjwa wa hivyo akija kwenu musimucheke, na musimurudishe nyumbani.

Na wiki ya tano nilianguka. Mama Kanyere alikufa, kikombe kikazunguka, na sikukipitisha. Posho nilirudi nyuma ya atelier nikiwa na harufu bado. Papa Bahati alisogeza mupira mumoja na muguu wake ili niketi. "Leo iko siku ya kwanza," alisema, "hata Honorable inaanzaka upya kila wiki."

Lakini kibuyu cha uzazi kilibaki. Wafugaji walinishauri nidanganye: sema uko na dawa. Basi mutoto wa kwanza nilisema niko na dawa ya minyoo. Wa pili, dawa ya amibe. Wa tatu, nimengolewa jino. Nyanya wa watoto walipitisha kibuyu kwa Papa Bauma, wakinuna. Kufika mwezi wa pili mulima wote uliamini Mama Furaha anakufa. Walianza kuniletea kuku. Mwalimu mumoja alikuja kuniuliza kama nimeandika wosia.

Mwisho ulifika siku ya mujukuu wa Mama Kahindo. Huyu alikuwa mukubwa wa akina mama wa mulima, mwenye kusuluhisha ugomvi wa mashamba, na mutoto alikuwa mwanaume wa kwanza baada ya wasichana sita. Walikuja watu wote, wamejaza baraza mpaka inje. Mama Kahindo akasimama mbele yangu na kibuyu.

"Niko na dawa, Mama," nilisema.

"Dawa gani?"

"Ya... tumbo."

"Kwa mutoto wa Jeanine ulisema minyoo. Kwa mutoto wa Zawadi ulisema jino." Akaleta kibuyu karibu na mudomo wangu mpaka nikasikia harufu yake, na nawaambia tena, ilikuwa tamu. "Unakataa mutoto yetu, Mama Furaha? Sema mbele ya watu."

Nilikuwa bado nimemubeba yule mutoto. Nilimuangalia, alikuwa anatafuta titi kwenye blouse yangu. Nikasema: "Mama, sikatai mutoto. Mimi niko mulevi. Nikikunywa hii moja, nitakunywa bidon, na kesho mutoto wa jirani yako atakufa mu mikono yangu. Ilibaki kidogo ifanyike. Binti yangu mwenyewe anakataa nimuzalishe."

Papa Bauma alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama Kahindo alinitazama muda mrefu, kisha akainua kibuyu, akakikunywa yeye mwenyewe mpaka chini, akapangusa mudomo.

"Nimemukunywia," aliwaambia watu. "Kuna mwenye anakataa?" Hakuna mwenye alikataa. Akanigeukia: "Na wa kijana yangu wa pili, muke wake anazala mwezi wa kesho. Nikuletee nini?"

Nilisema jambo la kwanza lenye lilikuja kichwani: limau. Tangu siku ile mulima huu unaniletea limau, nimechoka nazo, lakini heshima ni heshima.

Habari ya mama mulevi wa maternité ilifika Mweso mbele ya soko kufunga. Nilijua itafika kwa Furaha. Nilipiga hesabu yake mara kumi kwa siku: wiki ya thelathini na sita, wiki ya thelathini na saba. Sikumutumia neno. Wafugaji walinikataza, walisema hiyo inaitwa kuomba zawadi ya kuacha pombe.

Kisha saa sita ya mchana, siku ya kazi tu, nikasikia pikipiki ya Muhindo inapanda. Nyuma yake kulikuwa bwana wa Furaha, miwani imejaa matope, na katikati Furaha, meno ameuma. Aliteremuka mwenyewe, akapita mbele yangu bila kunisalimia, akaingia salle. Papa Bauma alitoka ofisini kwake. Bwana alinong'ona kwamba kule Mweso walimukuta mutoto amelala kitako, wakasema Furaha apelekwe kwenye hospitali ya mbali, na yeye akasema hapana, wamulete mulimani.

"Kwa nani?" niliuliza.

"Hakusema, Mama."

Papa Bauma alikuwa ameisha kufunga blouse yake ya kazi. Nilisimama mulangoni. Sikujua kama niingie. Miaka yote hiyo ya kazi, na sikujua muguu gani unaenda mbele. Furaha alikuwa amelala ubavu, uchungu ulipita, akafungua macho, akaniona.

"Kuya hapa," alisema.

Nilikaribia.

"Karibu zaidi. Pumua."

Niliinama juu ya uso wake, nikapumua. Akavuta pumzi yangu puani, akafunga macho, akavuta tena pole pole. Uchungu mwingine ulikuwa unapanda, niliuona kwenye shingo yake, na bado alikuwa ananusa.

"Papa Bauma," alisema, "wewe toka. Mama yangu iko hapa."